Melodi ni Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka mazoezini. Kwaya yetu huimba katika ibada ya Kiswahili hapa Kampala, na waimbaji wake wanatoka kila upande: waliokulia kambi za polisi na jeshi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, Wakongo, Wakenya walio vyuoni, Waganda na Wasoga waliojifunza Kiswahili ukubwani. Kila wageni wanapoingia, maswali ni yaleyale. Nimeona heri niyaweke pamoja, maana jambo hili nalipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya muziki.

Melodi ni nini hasa?

Ni sauti zinazofuatana moja baada ya nyingine, na sikio likazipokea kama kitu kimoja. Ukigonga vitufe vitano vya kinanda ovyo, umetoa sauti tano, basi. Ukivigonga kwa mpangilio ambao mtu aliye chumba cha pili anaushika na kuanza kuuimba akiwa amefumba mdomo, hiyo ni melodi.

Sauti hizo hupanda, hushuka, au hukaa palepale. Huenda hatua fupi, kama do kwenda re, au huruka, kama do kwenda so. Nyingine hukaa kitambo, nyingine hupita haraka. Zina mahali pa kupumua, na zina mahali ambapo msikilizaji anahisi "hapa tumefika nyumbani". Nionavyo mimi, melodi haimo ndani ya sauti zenyewe. Imo katikati yake, katika ule mwendo wa kutoka moja kwenda nyingine. Majibu mengi hapa chini yanategemea jambo hilo.

Mahadhi, lahani, tuni, sauti: ni kitu kimoja?

Karibu kimoja. Watu wa taarabu na kasida husema mahadhi. Washairi husema lahani, neno lililotoka Kiarabu. Wanakwaya husema tuni, au sauti tu: "wimbo huu una sauti nzuri." Mimi natumia melodi kwa sababu neno "sauti" limebebeshwa kazi nyingi mno. Kuna sauti ya mtu, sauti ya pili kwenye kwaya, sauti ya redio.

Kwa nini wimbo hubaki uleule hata tukianza juu zaidi?

Hili ndilo swali ninalolifurahia kuliko yote. Mwalimu anatoa ufunguo, yaani mahali pa kuanzia, soprano wanalalamika kwamba uko juu, anaushusha, wimbo unaanza upya. Hakuna hata sauti moja iliyobaki kama ilivyokuwa, lakini kila mtu anautambua wimbo.

Sauti ni mtetemo. Sauti ambayo wapiga ala wengi duniani huitumia kulinganishia ala zao hutetema mara 440 kwa sekunde. Ukiongeza mara mbili, 880, sikio linasikia "sauti ileile, ila ya juu". Ukigawa kwa mbili, 220, ni ileile ya chini. Ndiyo maana baba na binti yake wanaweza kuimba wimbo mmoja pamoja na tukasema wameimba sauti moja, ingawa mmoja yuko chini ya mwenzake kwa nusu ya mitetemo.

Sasa chukua do yenye mitetemo 200 kwa sekunde. So yake ina 300. Pandisha do hadi 240, na so itakwenda 360. Namba zote zimebadilika, ila uwiano haujabadilika: tatu kwa mbili. Sikio linashika uwiano huo, namba halizijui.

Mdundo una kazi gani kwenye melodi? Si kitu cha ngoma?

Mdundo ni nusu ya melodi. Jaribu hivi: imba ngazi ya solfa ukishuka, do ti la so fa mi re do, kila sauti urefu sawa. Ni zoezi la kupasha koo. Sasa imba sauti zizo hizo, kwa mpango huohuo, ukirefusha nyingine na kufupisha nyingine kama wimbo wa Krismasi ambao kwa Kiingereza huitwa Joy to the World. Mstari wake wa kwanza ni ngazi ileile ikishuka hatua kwa hatua, hakuna kilichoongezwa ila urefu wa kila sauti. Katika mazoezi ya Desemba huwafanyisha wageni zoezi hili bila kuwaambia tunaelekea wapi. Nyuso hufunguka wakifika sauti ya tatu.

Je, melodi inahitaji maneno?

Haihitaji, na maneno hayaihitaji melodi moja tu. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, alitunga wimbo wa dini kwa Kixhosa. Melodi yake leo imo katika nyimbo za taifa za Tanzania, Zambia na Afrika Kusini, kila nchi na maneno yake. Mtanzania akiisikia anawaza "Mungu ibariki Afrika", na Mzambia anawaza maneno mengine kabisa. Wimbo wa taifa wa Kenya nao umejengwa juu ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Mama aliyeuimba mkekani hakuwa akifikiria bendera.

Kwa sisi wa Kiswahili jambo hili si geni. Utenzi wa kawaida una mizani nane, yaani silabi nane, kwa kila kipande, kwa hiyo lahani inayobeba utenzi mmoja inaweza kubeba mwingine wowote wa mizani nane. Wazee waliokuwa wakighani tenzi walikuwa na lahani chache na tenzi nyingi. Nyimbo za kanisani nazo zina hesabu kama hiyo. Wimbo wenye mistari ya silabi 8, 6, 8, 6 unaweza kuimbwa kwa tuni ya wimbo mwingine wenye hesabu hiyo. Ukiwa na kitabu kisicho na noti, unaweza kuokoa ibada kwa ujuzi huo mdogo.

Basi kwa nini nyimbo zilizotafsiriwa mara nyingine husikika vibaya?

Kwa sababu kuhesabu silabi peke yake hakutoshi. Kila lugha ina melodi yake kabla muziki haujaingia.

Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiweka pigo zito mahali pengine, neno linavunjika. Angalia "barabara". Ukikaza ra ya kwanza, baRAbara, maana yake ni sawasawa. Ukikaza ba ya pili, baraBAra, ni njia ya magari. Imba "atembea barabara" na pigo likiangukia pasipostahili, muumini mwema anakuwa mtu wa kupita njiani. Tulikuwa na wimbo wetu wenyewe wenye kosa la namna hiyo. Tuliuimba miezi mingi hadi mama mmoja mzaliwa wa Mombasa alipouliza kwa upole kama tunamaanisha lami. Tulihamisha pigo moja tu, na wimbo ukakaa sawa.

Kiganda ni kigumu zaidi, maana sauti ya juu na ya chini ni sehemu ya neno lenyewe, na urefu wa vokali vilevile. *Okusiga* ni kupanda mbegu, *okusiiga* ni kupaka. Melodi ikivuta silabi fupi kwa mapigo mawili, mkulima anageuka mpaka rangi. Wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, mwaka 1879, wakaja na tuni za Ulaya. Maneno ya Kiganda yakapachikwa juu ya tuni hizo bila kujali inapopanda na inaposhuka sauti ya msemaji. Watu waliziimba kwa imani, na bado wanaziimba, lakini sikio la Mganda lilikuwa likifanya kazi mbili: kusikia wimbo na kukisia neno.

Aliyeonyesha njia nyingine waziwazi ni mtunzi Joseph Kyagambiddwa. Alitunga melodi zake kwa kufuata sauti ya Kiganda chenyewe. Oratorio yake, yaani utungo mrefu wa kwaya wenye kisa cha dini, ya Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu. Ninapotunga wimbo hata wa Kiswahili, huusoma kwanza kwa sauti kama hotuba, mara tatu nne, nikisikiliza sentensi inapandia wapi. Hilo nimelipata kwake.

Kwenye amadinda, nani anapiga melodi?

Hakuna. Au wote. Nitaeleza taratibu, maana hapa ndipo nilipobadilisha kabisa fikra zangu kuhusu melodi.

Amadinda ni marimba makubwa ya Buganda. Yana vibao 12 vya mti wa lusambya, vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na vijiti vimechomekwa katikati ili visigongane. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anaanza na kupiga mfululizo wake, pigo, pigo, pigo, kwa nafasi sawa. Wa pili, omwawuzi, anaketi upande wa pili na kuingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila pigo lake likitua kwenye upenyo ulioachwa. Jina lake lenyewe linasema kazi yake: ni mgawanyaji. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza mahali vibao viwili vya chini kabisa vinapogongwa katika ule mchanganyiko, na kuvirudia kule juu.

Sasa, mapigo ya hao wawili wa kwanza yakishikana kwa kasi, sikio lako halisikii tena mtu wa kwanza na wa pili. Linaanza kuzikusanya sauti za juu pamoja na za chini pamoja, na ghafla unasikia vijimelodi viwili au vitatu vinavyotembea kila kimoja kwa mwendo wake. Ukimwomba omunazi akupigie kile ulichokisikia, hawezi. Omwawuzi naye hawezi. Hakimo mikononi mwa yeyote.

Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alijifunza haya miaka ya 1959 na 1960 kwa Evaristo Muyinda, mpiga muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na maandishi yake ndiyo yaliyoifanya dunia izisikilize melodi hizi zisizopigwa na mtu mmoja. Wabuganda walikuwa wakizijua tangu zamani. Nyimbo hizo zina maneno, na msikilizaji mwenyeji huyasikia maneno yakichomoza kutoka kwenye vibao.

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye nafasi ya omwawuzi, nilishindwa kwa sababu nilikuwa nikisikiliza wimbo. Mzee aliyekuwa akinifundisha alinishika kiwiko akasema, "Mwanangu, acha wimbo. Shika nafasi yako." Nilipoacha kuutafuta, ukaja.

Na bigwala?

Hapa jambo lenyewe liko wazi zaidi, unaliona kwa macho. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga. Kila tarumbeta inatoa sauti moja. Moja tu. Mpigaji mmoja akisimama peke yake atapuliza "puu", "puu", na huwezi kujua ni wimbo gani. Wasimame watano wenye vibuyu vya urefu mbalimbali, kila mmoja akipuliza inapofika zamu yake, na melodi inatoka, inazunguka kutoka kinywa hadi kinywa. Mmoja akikohoa, wimbo una pengo.

UNESCO iliiweka bigwala mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wakati huo walikuwa wamebaki mafundi wazee wanne tu, na hata mbegu za vibuyu vyenye umbo linalofaa zilikuwa adimu. Kazi ya kufufua ilibidi ianzie shambani: kupanda vibuyu, kuvisubiri vikomae, kuvikausha, kuviunga, ndipo vijana wafundishwe kupuliza.

Ngoma zina melodi?

Nyingi hazina, lakini entenga zilikuwa nayo. Ni ngoma 15 za ikulu ya Buganda, na 12 kati yake zimepangwa kwa sauti kama vibao vya amadinda. Wanaume wanne walipiga hizo 12, na wawili wengine walipiga tatu zilizobaki. Zilikuwa za Kabaka peke yake. Mei 1966 jeshi liliposhambulia ikulu ya Lubiri, wapigaji walitawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Ziliporudishwa mwaka 1993, mikono iliyozijua entenga ilikuwa imebaki michache mno. Melodi iliyogawanywa kwa watu sita haiwezi kuhifadhiwa na mmoja aliyenusurika.

Kwa nini kinanda chetu hakikubali kupatana na amadinda?

Kwa sababu vimegawanya ngazi tofauti. Wataalamu hugawa umbali wa kutoka do hadi do ya juu yake katika senti 1200. Kinanda kina vipande 12 vya senti 100. Amadinda yana sauti tano tu, zilizotengana kwa umbali unaokaribia kulingana, yaani kama senti 240 kila moja. Kinanda hakina hatua ya 240. Kina 200 au 300. Kwa hiyo vibao vingi vya amadinda huangukia katikati ya vitufe, na anayesema "amadinda hayako kwenye ufunguo" anatumia kipimo cha nyumba nyingine.

Adungu, kinubi cha watu wa kaskazini, kimepita njia nyingine. Adungu nyingi utakazokuta makanisani leo zimekazwa nyuzi kwa do re mi, na hapo zinapatana na kinanda bila shida.

Sauti ya pili, ya tatu na ya nne ni melodi pia?

Ziwe! Alto wanaopewa noti moja kwa mistari minne huchoka na kupotea. Sauti ya besi iliyotungwa vizuri unaweza kuiimba peke yako bafuni ukaifurahia.

Lazima nijue solfa ili nitunge?

Hapana, lakini itakusaidia usisahau. Solfa tunayoandika kwa herufi d r m f s l t iliasisiwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover, ikaendelezwa na John Curwen, na wamisionari wakaisambaza kwa sababu inahitaji karatasi na kalamu tu. Faida yake kubwa ni kwamba do huhama. Inaandika uwiano wa sauti na kumwachia mwalimu achague ufunguo, kama nilivyoeleza juu.

Ukitaka kutunga, anza na kipande kifupi cha sauti nne tano. Kirudie. Mara ya tatu, kibadilishe mwisho. Nyimbo nyingi zinazokaa kichwani kwa siku nzima zimejengwa hivyo: sikio linapewa linachokijua, kisha kidogo lisichokitarajia. Kilele, yaani sauti ya juu kuliko zote, kipe neno linalostahili. Nimeona mitungo mizuri ikitumia kilele chake kwenye "na".

Mtu akichukua melodi yangu nifanyeje?

Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inalinda kazi ya asili iliyowekwa katika umbo linaloshikika, kama maandishi au rekodi. Kwa hiyo wimbo ulio kichwani tu hauna kinga. Uimbe kwenye simu leo, uandike, uweke tarehe. Unaweza pia kuusajili ili uwe na ushahidi. Na yale maneno ya studio kwamba "ukichukua noti chini ya saba si wizi" hayamo kwenye sheria. Hakuna idadi ya noti inayoruhusiwa.

Mimi sina sikio. Niache tu?

Watu wasioweza kabisa kutofautisha sauti wapo, lakini ni wachache mno, na katika kwaya yetu sijapata hata mmoja. Tulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa akiimba kila wimbo kwa sauti moja ya chini, nyofu kama kamba. Wenzake walikuwa wameshaanza kumsogelea kwa huruma. Sikumwambia apande kunifuata. Nilishuka mimi hadi kwenye sauti yake, nikaiimba naye mpaka tukasikia zimeungana, kisha nikamwomba tuende hatua moja juu, pamoja. Tukarudi. Tukaenda tena. Dakika kumi kila Jumamosi, na baada ya miezi mitatu alikuwa akishika besi bila kuegemea mtu. Sikio lake halikuwa na kasoro. Hakuwa amewahi kukutwa mahali alipo.

Nikitaka kuisikia hiyo melodi ya amadinda mwenyewe, niende wapi?

Jumba la Makumbusho la Uganda, Kira Road, lina mkusanyiko mkubwa wa ala. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya rekodi yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho hayo na aliyezunguka Uganda akirekodi muziki tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndere Centre huko Ntinda hupiga muziki wa makabila mengi jukwaani. Na vikundi vya vijijini havijaisha, uliza tu.

Ukifika, usikae mbele katikati. Kaa kwanza nyuma ya omunazi ufuate mikono yake peke yake, mpaka ushike mfululizo wake wote. Omwawuzi akiingia, utaupoteza, usijali. Halafu inuka, zunguka, ukaketi karibu na omukoonezi kwenye vile vibao viwili vya juu. Utasikia wimbo mwingine, na hakuna aliyebadilisha pigo.